Plastiki Laini na Mafuta Yake

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Ninyi mliokaa darasani hapo Ivuna, na ninyi mnaotusikiliza Kamsamba, Vwawa na Tunduma, natumaini kila mmoja ana daftari lake na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: chumvi, plastiki, kilainishi, thaleti, nyonyo. Yasomeni pamoja mara mbili, polepole. Nitangoja.

Vema. Sasa tutazame vitu tulivyo navyo karibu. Pengine mmoja wenu amevaa sandali za plastiki laini, zile ziitwazo yeboyebo. Mwingine ana gambuti za kwendea shamba la mpunga. Nyumbani kuna waya wa umeme au wa sola, kuna mpira wa kumwagilia bustani, kuna kitambaa cha meza cha plastiki chenye maua. Na kule Tunduma, malori yanayopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Zambia yamefunikwa maturubai mazito. Vingi katika vitu hivi vimetengenezwa kwa plastiki ya aina moja. Jina lake huandikwa kwa herufi tatu: P, V, C. Mwalimu, ziandike. Tunazisoma pi, vi, si.

Zaidi ya nusu ya uzito wa plastiki hii hutoka katika chumvi. Msicheke, ni kweli. Na watu wa Ivuna mnaijua kazi ya chumvi tangu zamani sana. Mwaka 1966 wachimbuzi wa mambo ya kale, Brian Fagan na John Yellen, walichimba hapo kwenu wakakuta vigae vya vyungu na mabaki mengine ya watu waliofanya kazi ya chumvi zaidi ya miaka 500 iliyopita. Wazee hao walichota maji ya chumvi wakayachemsha motoni mpaka yakakauka. Kiwandani hufanywa vingine. Hupitisha umeme ndani ya maji ya chumvi, na chumvi ikagawanyika. Upande mmoja hutoka hewa kali iitwayo klorini, ambayo harufu yake mmeinusa katika dawa ya kusafishia maji. Upande mwingine hutoka kostiki, ile wanayoitumia watengenezaji wa sabuni. Kisha klorini huunganishwa na vitu vilivyotolewa katika mafuta ya ardhini, gesi au makaa ya mawe. Mwisho wake ni unga mweupe, nao ndio PVC. Katika kila gramu 100 za PVC tupu, gramu 57 hivi ni klorini.

Lakini unga huo ukiyeyushwa ukapoa, huwa kitu kigumu. Hufaa kwa bomba gumu la maji. Haufai kwa sandali, maana ukiukunja utavunjika. Basi ulainikaje?

Wafugaji mlio hapo mtanijibu upesi. Ngozi ya ng'ombe ikikauka juani huwa ngumu kama ubao. Mkitaka kuilainisha mwafanyaje? Mwaipaka mafuta, mwaisugua, mwaikunja, mwaipaka tena. Mafuta huingia ndani, na ngozi hukubali kukunjwa. Plastiki nayo ni vivyo hivyo. Ndani yake mna nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo zimeshikana sana. Kiwandani huchanganya unga wa PVC na mafuta maalumu, wakaupasha moto. Mafuta hayo huingia kati ya nyuzi, zikaachana kidogo na kuteleza, kama tambi zilizotiwa mafuta zisigandamane. Mafuta hayo ndiyo tunayoyaita kilainishi. Someni ubaoni: ki-la-i-ni-shi.

Tena si mafuta kidogo. Katika kilo 1 ya mpira laini mara nyingi mna gramu 300 hadi 400 za kilainishi. Kwa hiyo mtu aliyevaa sandali hizo amevaa chumvi iliyobadilishwa, na mafuta.

PVC yenyewe ilionekana kwanza mwaka 1872 na Mjerumani aitwaye Eugen Baumann, lakini hakuna aliyejua ifanyiwe kazi gani. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya B.F. Goodrich, alikuwa akitafuta gundi ya kushikisha mpira na chuma. Aliipasha moto PVC ndani ya vimiminiko visivyokauka upesi. Gundi hakuipata. Alipata kitu laini kinachonyumbulika kama mpira, na kazi ya plastiki laini ikaanzia hapo. Na kabla ya hapo kulikuwa na plastiki nyingine ya kale, selulodi, iliyolainishwa kwa kafuri. Ndiyo, kafuri hiyo hiyo inayotiwa kwenye sanda.

Baada ya muda viwanda vilichagua jamii moja ya vilainishi kuliko nyingine zote, kwa kuwa ni rahisi na vinafanya kazi vizuri. Jamii hiyo huitwa thaleti. Iliyotumika sana kupita zote huandikwa kwa herufi nne, D, E, H, P. Karibu dunia nzima imevaa, imekanyaga na kushika vitu vyenye DEHP.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana shida imekaa hapa. Turudi kwenye ngozi yetu. Mafuta uliyoipaka hayakushonwa ndani ya ngozi. Ukiilalia, yataingia katika shuka. Ukiiacha juani, yatapungua, na ngozi itakuwa ngumu tena. Kilainishi nacho hakikufungwa katika plastiki. Kimekaa tu kati ya nyuzi, na kikipata njia hutoka. Ile harufu ya kitambaa kipya cha meza kilichotoka dukani, sehemu yake ni vitu vinavyotoka ndani ya plastiki. Mpira wa zamani unaopasuka ukiukunja umekwisha kuunguzwa na jua, na tena umepoteza mafuta yake.

Hutoka kwenda wapi? Hupenda mafuta kama yeye. Katika maji safi ya baridi thaleti hii huingia kidogo sana. Lakini katika mafuta ya kula, siagi, au samaki mwenye mafuta, huingia kwa wingi. Katika pombe kali pia huingia. Na joto huongeza mwendo wake. Andikeni maneno mawili: mafuta, joto. Hayo ndiyo ya kuangalia.

Wataalamu walipowapa panya wenye mimba thaleti kama DEHP, watoto wa kiume waliozaliwa walikuwa na kasoro katika viungo vya uzazi, kwa sababu nguvu ya homoni ya kiume ilikuwa imepunguzwa tumboni. Kwa binadamu, mabaki ya thaleti yameonekana katika mikojo ya watu wa nchi nyingi, na uchunguzi unaendelea. Serikali nyingi hazikungoja. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia thaleti kadhaa katika vitu vya kuchezea ambavyo watoto wa chini ya miaka 3 huvitia kinywani, na mwaka 2005 ikapitishwa sheria ya kudumu. Marekani ilitunga sheria yake ya vitu vya watoto mwaka 2008. Tangu Julai 2020, thaleti nne katika vitu vingi vinavyouzwa Ulaya, viatu vikiwamo, zisizidi gramu 1 katika kila kilo 1 ya plastiki. Linganisheni katika madaftari yenu: kwanza gramu 300, sasa gramu 1.

Mtu atauliza, “Je, nitupe kila plastiki iliyo nyumbani kwangu?” Hapana, bibi. Hapana, bwana. Ndoo yako haina kilainishi hiki. Dumu la manjano la mafuta ya kula halina. Hizo ni plastiki za aina nyingine, ambazo hazihitaji kulainishwa. Hapa ndipo kujua kusoma kunapokufaa. Geuza chombo utazame chini yake. Mara nyingi utaona pembetatu ndogo ya mishale, na ndani yake tarakimu. Tarakimu 2 na tarakimu 5 ni plastiki za ndoo na madumu. Tarakimu 1 ni chupa za maji ya kunywa. Tarakimu 3 ndiyo PVC. Mwalimu, chora pembetatu ubaoni uweke 3 ndani yake.

Sandali na mipira ya maji mara nyingi havina alama yoyote. Basi kata kipande kidogo cha kitu kilichochakaa, ukitie katika bakuli la maji na ukizamishe kwa kidole ili mapovu yatoke. Plastiki ya ndoo na ya dumu huelea. PVC huzama. Jaribio hili si hukumu ya mwisho, kwa kuwa mpira wa tairi nao huzama, na PVC iliyoumuliwa kama mkate yaweza kuelea. Hata hivyo litakusaidia. Lisiloweza kukuonyesha ni aina ya kilainishi kilichomo. Hilo hulijua mwenye maabara, au aliyekitengeneza kitu chenyewe.

Je, yapo mafuta mengine ya kulainishia, yaliyo salama kuliko thaleti? Yapo, na hapa ndipo neno letu la tano linapoingia.

Nyonyo mwaijua. Wengine huiita mbarika. Huota hata kwenye jalala bila kupandwa. Mafuta yake huwezi kuyamimina hivi hivi katika PVC, kwa maana hayapatani nayo vizuri. Lakini kiwandani huyabadilisha, kisha huyaunganisha na asidi ile iliyomo katika siki. Huko Denmark kampuni ya Danisco ilitengeneza kilainishi cha namna hii, na Ulaya kikaruhusiwa hata katika plastiki inayogusa chakula. Kwetu pia wapo walioitazama mbegu hii kwa macho ya kitaalamu. Mwaka 2016 mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Egid Mubofu, alichapisha makala juu ya mafuta ya nyonyo na mambo mengi yanayoweza kutengenezwa kwayo. Maganda ya korosho nayo yana mafuta makali, yale yanayochoma mikono ya wabanguaji wa Mtwara na Lindi, na wataalamu wa nchi mbalimbali wamekwisha kuyajaribu kwa kutengenezea vilainishi.

Kuna mafuta ya soya, ambayo hubadilishwa kiwandani na yametumika kwa miaka mingi, mathalan katika mpira ulio ndani ya kifuniko cha chupa ya jamu. Hayawezi kufanya kazi yote peke yake, maana yakitiwa mengi mno hujitokeza juu ya plastiki na kuifanya inate. Kuna vilainishi vinavyotokana na asidi ya limau. Siku hizi asidi hiyo haikamuliwi katika malimau. Hutengenezwa kwa kuvu anayelishwa sukari. Hivi hutumika katika vitu vya watoto na mipira ya hospitali, lakini ni ghali, navyo pia hupenda kutoka.

Halafu viko vilivyotengenezwa kwa mafuta ya ardhini kama thaleti zenyewe, lakini kwa umbo jingine. Kimoja ni DINCH, kilichotolewa na kampuni ya BASF ya Ujerumani mwaka 2002 kwa ajili ya vitu vya watoto, vyakula na hospitali. Kingine huitwa DEHT. Tazameni jina hilo karibu na DEHP. Herufi moja tu imebadilika, nacho kina vitu vile vile ndani yake vilivyopangwa vingine, wala hakikuleta madhara yale kwa panya wa kiume. Mtu asiyesoma kwa makini atazichanganya.

Ningependa msizoee kudhani kwamba kilichotoka shambani lazima ni salama, na kilichotoka kiwandani lazima ni sumu. Mbegu ya nyonyo yenyewe ina sumu kali iitwayo risini. Mtoto akitafuna mbegu chache aweza kufa. Sumu hiyo haiingii katika mafuta, hubaki katika mashudu, kwa hiyo mashudu mabichi ya nyonyo msiwape ng'ombe wala mbuzi. DINCH haitoki shambani, lakini ukiniuliza nichague mpira wa kumnyweshea mtoto mgonjwa, nitachagua wa DINCH mbele ya wa DEHP. Kilainishi cha mmea kina faida nyingine: mmea huota tena mwakani, na kisima cha mafuta ya ardhini hakijazwi tena. Hayo ni maswali mawili. Je, kinanidhuru? Je, kitakwisha? Kila moja lina jibu lake.

Na mtu asikimbilie kulima ekari tatu za nyonyo kwa kuwa amesikia redioni. India ndiyo inayoongoza duniani kwa zao hili. Tafuta kwanza mnunuzi, ujue bei yake, ndipo ushike jembe.

Sasa tuseme na akina mama wa vikundi vya kukamua alizeti. Mafuta yametoka katika mashine, tena yana moto. Mwataka kuyahamisha kutoka pipa hadi madumu. Mwachukua mpira gani? Mara nyingi ni ule mpira laini, mweupe au wa kijani, ulionunuliwa kwa kumwagilia bustani. Hapo mmekusanya pamoja yale maneno mawili tuliyoandika, mafuta na joto, ndani ya PVC laini ambayo kilainishi chake hamkijui. Mafuta hayo huenda sokoni, huenda katika sufuria ya mjamzito. Basi ngojeni yapoe. Tumieni kata ya bati na faneli, au ndoo safi yenye tarakimu 2 au 5. Kama kikundi chenu kina uwezo wa kununua mpira, nunueni uliotengenezwa kwa ajili ya chakula. Mwulizeni mwenye duka kule Tunduma awaonyeshe karatasi ya mtengenezaji. Katika karatasi za Kiingereza, neno thaleti huanza kwa herufi nne zinazofuatana: P, H, T, H. Mkiziona, mwulizeni anayejua Kiingereza kama karatasi inasema thaleti imo au haimo. Mwenye duka akiulizwa na mtu mmoja atacheka. Akiulizwa na vikundi sita kabla ya kulipwa fedha, naye atamwuliza anayemletea mali.

Vivyo hivyo, chakula cha moto msikifunike kwa plastiki laini ya mezani. Mtoto anayeota meno asipewe sandali kuukuu wala kipande cha waya atafune. Maji yaliyolala katika mpira juani yamwageni bustanini kwanza, kabla ya kukinga ya kunywa.

Juu ya hospitali sina budi kusema wazi, nisije nikaleta hofu. Mifuko ya damu kwa miaka mingi imetengenezwa kwa PVC yenye DEHP, na jambo la ajabu ni kwamba kilainishi hicho husaidia chembe nyekundu za damu zisiharibike upesi katika mfuko. Ndiyo maana kukibadilisha kumekuwa kazi ngumu, hata Ulaya imeongeza muda wa kukitumia katika vifaa vya hospitali mpaka mwaka 2030. Mama aliyetokwa damu nyingi wakati wa kujifungua akiambiwa aongezewe damu, aongezewe upesi. Asikatae kwa sababu ya mfuko. Hatari ya kukosa damu ni ya saa ile ile.

Limebaki moto. Kilainishi kikibadilishwa, iwe nyonyo au soya, klorini ya chumvi bado imo ndani ya PVC. Sandali ikitiwa motoni, klorini hutoka pamoja na moshi, ikawa asidi inayochoma macho na kifua. Tena huzaliwa sumu ziitwazo dioksini, zinazokaa mwilini miaka mingi. Najua wako wanaowashia mkaa kwa kipande cha yeboyebo, maana hushika moto upesi. Najua vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba. Nyaya zichuneni kwa kisu, shaba itatoka safi na bei yake ni nzuri zaidi. Mkaa uwasheni kwa maganda ya mahindi au vijiti vikavu.

Kazi ya juma lijalo ni hii. Kila mmoja alete darasani chombo kimoja cha plastiki kutoka nyumbani. Tazama chini yake, nakili tarakimu iliyo ndani ya pembetatu, na uandike sentensi moja: “Chombo hiki ni namba fulani, nami nakitumia kwa kazi fulani.” Asiyeona tarakimu aandike, “Hakina alama.” Mwalimu atavipanga mezani kwa namba, na vyote vya namba 3 viwekwe peke yake. Wenye sandali zilizokatika walete kipande, na darasa litafute bakuli la maji.

Kwa herini.